Masikio Yangu Yalifaulu

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, usijilaumu, hukukosa neema. Ulikosa mkosi tu, na mikosi mimi ninayo ya kutosha.

Kwa ufupi ni hivi. Nimefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao miaka kumi na saba, kwenye msumeno mkubwa unaopasua magogo. Msumeno ule ulipasua magogo na masikio yangu pia. Sauti nzito nazisikia. Sauti nyembamba, za watoto, za kengele, za ndege, ziliondoka moja moja bila kuniaga. Nilipoachana nanyi, tangazo lilikuwa limebandikwa ukutani kantini: wafanyakazi wote watapimwa masikio, na atakayeshindwa, kazi yake itakoma mwisho wa mwezi, "kwa usalama wake mwenyewe."

Yaani waniharibu wao, halafu wanifukuze nisije nikaumia. Nilicheka peke yangu pale ukutani hadi watu wakanitazama.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Mtu wa kwanza niliyemwambia ni Pacha. Hatukuzaliwa tumbo moja. Watu walimwita Pacha kwa sababu miaka yote ile tulisimama kwenye msumeno mmoja, mimi upande huu na yeye upande ule, na ukimwona mmoja ujue mwingine yuko karibu.

"Pacha, mimi sisikii," nilimwambia.

"Nani anasikia hapa?" akanijibu.

Alikuwa anatania, lakini ndivyo ilivyo. Kiwandani kwetu mashine zikiwashwa hakuna anayetumia mdomo. Tunaongea kwa mikono. Vidole viwili shingoni, nyapara anakuja. Ngumi kifuani, nimechoka. Kiganja juu ya kichwa, zima mashine. Lugha hiyo ndiyo iliyonifichia uziwi wangu hadi mimi mwenyewe nikachelewa kuujua. Nyumbani nilijua kusoma midomo. Kazini sikuhitaji hata midomo.

Pacha masikio yake yalikuwa mazima. Tangu siku ya kwanza alijaza pamba masikioni, na sisi wajuaji tukamcheka tukamwita bibi harusi.

"Siku ya kupimwa," akasema, "panga foleni mbele yangu. Mengine niachie mimi."

Gari la vipimo lilikuja asubuhi, jeupe, likaegeshwa nyuma ya ghala. Ndani mlikuwa na kichumba kidogo chenye dirisha la kioo. Unaingia, unafungiwa mlango, unavaa vidude masikioni, unapewa kitufe. Nje ya kioo amekaa mpimaji, binti mpole mwenye koti jeupe, ana mashine yake mezani. Yeye anabonyeza sauti. Wewe ukiisikia, unabonyeza kitufe chako.

Nyuma ya yule binti mlango wa gari ulikuwa wazi, na mlangoni kuna benchi la anayefuata. Anayefuata alikuwa Pacha. Pale alipokaa alikiona kidole cha mpimaji vizuri, na mimi nilimwona yeye vizuri.

Binti akibonyeza, Pacha anakuna pua. Pacha akikuna pua, mimi nabonyeza.

Basi ndiyo siri yenyewe. Sauti za kile kipimo zote zilikuwa nyembamba au za chini mno, sikusikia hata moja mle ndani. Nilikaa kwenye kimya kizito, nimemkodolea macho mwanamume mwenzangu anavyojikuna. Kuna mara moja vumbi la mbao lilimwingia puani akajikuna kwelikweli, na mimi nikabonyeza. Binti akakunja uso, akatazama mashine yake, akaniinulia kidole kimoja kunionya nisiwe na haraka. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi.

Nilipotoka alinitazama usoni akaniambia, na midomo yake niliisoma bila shida, "Mzee, umenishangaza. Miaka kumi na saba kwenye msumeno, na unasikia kuliko wote niliowapima leo."

"Ni kujitunza tu," nikasema.

Pacha pale kwenye benchi akageukia pembeni asicheke.

Majibu yalipobandikwa, watu kumi na mmoja walikuwa wameshindwa. Kumi na mmoja walimwaga unga kwa sababu walikaa kwenye kile kichumba wakasema kweli. Jina langu lilikuwa juu kabisa ya orodha ya waliofaulu. Mmoja wa wale kumi na mmoja, mpanga magogo mwenye mvi, alinipa mkono akanipongeza. Niliupokea. Hadi leo nikikumbuka ule mkono natamani ardhi inimeze.

Nyumbani mke wangu alikisoma kile cheti mara mbili. Kisha akazunguka nyuma yangu, mimi nimekaa nafungua viatu. Baadaye kidogo akaja mbele, akasimama.

"Nimekuita mara nne," akasema.

"Nilikuwa nawaza mambo ya kazi."

"Haya. Zamani nilikuwa nadhani husikii, nakuonea huruma. Sasa cheti kinasema unasikia." Akakiweka juu ya meza. "Kumbe miaka yote hii ulikuwa unanidharau tu."

Nilijua nilitakiwa nimwambie palepale. Nikaendelea na viatu. Niliona mke akininunia ni nafuu kuliko mke akijua.

Wiki iliyofuata niliitwa ofisini. Afisa utumishi ni mama mmoja anayepaka midomo rangi nyekundu sana, na mimi namshukuru aliyebuni rangi ile, kwa maana hakuna mtu pale kiwandani niliyemsoma vizuri kama yeye. Alikuwa anatabasamu.

"Tumejenga kibanda kipya cha swichi," akasema. "Anayekaa mle ndiye anayewasha na kuzima mkanda unaobeba magogo. Kila mtu wa chini atapewa filimbi. Filimbi moja ndefu, unazima. Kazi ya kukaa, haina vumbi. Tumechagua kwa vipimo, si kwa upendeleo. Wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha."

Filimbi, jamani. Katika sauti zote za dunia wamenichagulia filimbi.

"Mama, naomba nibaki kwenye msumeno wangu."

Tabasamu likaondoka. "Unakataa kupandishwa cheo? Kuna tatizo lolote tunalopaswa kulijua?"

"Hapana, mama. Hakuna tatizo."

Nikapanda kibandani. Wiki tatu nilifanya kazi ile kwa macho. Sikula mle ndani, sikunywa chai, hata kupenga kamasi niliogopa. Mkanda wote niliuona kupitia kioo, isipokuwa kona moja chini ya kibanda, pale magome ya magogo yanaponasa. Kona ile ilikuwa haionekani hata ungechungulia vipi. Mtu akiingia pale kuchomoa magome, mimi ninachokuwa nacho ni filimbi yake, yaani sina kitu.

Pacha alijua. Yeye sasa alikuwa amehamishiwa kwenye mkanda. Mchana mmoja alinikuta kantini, akakaa mbele yangu ili nimwone mdomo.

"Nenda kaseme," akaniambia. "Utaua mtu wewe."

"Nikisema, nawe umo."

"Nimo. Tutaondoka wote."

"Na watoto wako watakula nini?"

"Wanangu usinihesabie. Leo magome yamenasa mara mbili, na mara zote mbili nimepiga filimbi na mkanda umeendelea kwenda. Aliyeukimbilia kuzima ni nyapara, kwenye swichi ya chini. Usiposema wewe, nitasema mimi."

Hofu ilinishika, na hofu ikinishika mimi hugeuka hasira. Nikainama kwake, nikamnong'oneza: "Ukifungua huo mdomo wako, utanitambua mimi ni nani."

Aliinuka akaenda zake, hakumaliza hata chakula. Niliona watu wa meza za jirani wametulia na vijiko vyao, wananitazama. Sikuelewa kwa nini.

Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, magome yalinasa tena kwenye kona. Pacha akaingia kuyachomoa.

Ninayoyasimulia hapa nimesimuliwa. Glavu yake ya kulia ilinaswa kati ya mkanda na rola. Filimbi ilikuwa mdomoni, akaipiga. Akaipiga tena. Aliingiza mkono wa kushoto kuuvuta wa kulia, na wa kushoto nao ukavutwa. Akaendelea kupiga, akapiga hadi ilipomdondoka. Watu wanane waliisikia. Mmoja aliyekuwa nje kabisa, anapakia mbao kwenye lori, aliisikia.

Mimi nilikuwa nafuta kioo. Nilitaka nione vizuri.

Nikamwona nyapara anakimbia, kiganja juu ya kichwa. Nikazima. Nilipofika chini, Pacha alikuwa amelala juu ya magome na mkono wake wa kulia haukuwa mkono tena.

Sitasema ilikuwa ajali, wala sitasema ni shetani. Ni mimi.

Jioni ileile waliniita ofisini. Alikuwepo afisa utumishi, nyapara, na askari mmoja mnene mwenye sauti nzito, ambaye nilimsikia bila shida yoyote. Mezani palikuwa na cheti changu.

"Filimbi ilipigwa mara ngapi?" askari akaniuliza.

"Sijui, mzee."

"Watu wanane wanajua. Wewe uliye karibu kuliko wote hujui?" Akakigonga cheti kwa kalamu. "Hapa pameandikwa una masikio kuliko wote kiwandani. Ulikuwa umelala?"

"Hapana."

"Ulikuwa umelewa?"

"Situmii."

"Jana kantini ulimwambia nini majeruhi?"

Nikakitazama kile cheti.

"Mtu mzima unamtishia mwenzako mbele za watu, ukumbi mzima unasikia. Kesho yake anasagwa mikono, na wewe umekaa kwenye swichi. Wewe ungekuwa mimi ungefikiri nini?"

Ukumbi mzima. Mimi nilidhani nimenong'ona. Siku nyingi sasa sijui sauti yangu ina ukubwa gani, na pale kwenye kile kiti ndipo nilipoelewa zile meza za jirani zilitulia kwa nini. Niliona aibu hata kabla ya kuona hatari.

Askari akatoka nje kupiga simu, nyapara akamfuata. Afisa utumishi akavuta kiti chake karibu. Alisema polepole, na ile midomo myekundu nikaisoma neno kwa neno.

"Mambo ni mawili. Ama ulisikia ukamwacha mwenzako, na hiyo ni jela. Ama husikii, na ulitudanganya kwenye kipimo. Ukisema la pili, jela huendi. Utapoteza kazi tu."

"Na Pacha?"

"Ulidanganya peke yako?"

Akaendelea mwenyewe.

"Mpimaji ananiambia kipimo kile mtu hawezi kukidanganya bila mtu wa nje. Na wa nje alikuwa mmoja, pale kwenye benchi. Ukiandika kwamba alikusaidia, basi amejiumiza mwenyewe kwa udanganyifu wake. Kampuni haina wajibu naye. Matibabu tutayasimamisha."

Daktari alikuwa amesema mkono wa kulia umekwenda, lakini wa kushoto bado una uhai. Upasuaji ulipangwa kesho kutwa, kwenye hospitali ileile ambayo kampuni ilimpeleka, kwa gharama ya kampuni. Pasipo upasuaji, na wa kushoto unakatwa.

Kumbe ule ulikuwa ndio ukarimu wa mama yule. Kalamu alishaniwekea mezani. Ukweli wangu ungenitoa mimi jela na ungemtoa Pacha mkono uliobaki, na kampuni ingetoka safi.

"Naomba nifikirie hadi kesho," nikasema.

"Fikiria," akasema. "Lakini askari hafikirii muda mrefu."

Nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu yote. Yote kabisa, hadi pua ya Pacha. Alilia, akanishika masikio yangu mawili kwa mikono yake akanitazama usoni.

"Ungeniambia mimi," akasema. "Mimi tu. Ningekuwa nakuja mbele kila nikikuita."

Tulikaa hivyo hadi watoto wakaja kuuliza kuna nini.

Asubuhi, shemeji yangu, mke wa Pacha, alikuwa amesimama kwenye lango la kiwanda. Macho yamemvimba. Askari naye alikuwa pale, ananingoja mimi.

"Anakuita," shemeji akasema. "Tangu alfajiri anakutaja wewe tu. Ana neno anataka kukuambia."

"Neno gani, shemeji?"

"Mimi kanikatalia. Anasema ni lako."

"Twende sote," askari akasema. "Neno lake na mimi nalihitaji."

Njia nzima nilikuwa na matumaini ya kijinga. Nilijiambia Pacha ndiye mwenye mkono, yeye ndiye wa kuamua. Akiniambia sema, nitasema tuanguke wote kama alivyotaka kantini. Akiniambia nyamaza, nitanyamaza, nitakwenda jela nimefunga mdomo, na angalau atabaki na vidole vitano vya kushika kijiko. Kwa mara ya kwanza tangu lile tangazo libandikwe, mtu mwingine angeniamulia, na lolote atakaloamua ningelikubali. Nilijihisi mwepesi.

Tukaingia wodini. Kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Mkono wa kulia uliishia juu ya kiwiko, umefungwa bandeji. Wa kushoto umefungwa wote hadi kwenye kucha na kutundikwa. Puani na mdomoni alikuwa amevalishwa barakoa ya hewa, ile kubwa, inafunika hadi kidevu.

Nikasimama kando ya kitanda chake. Alifungua macho, akaniona.

"Pacha," nikasema, na nilijitahidi sana kupunguza sauti. "Ndugu yangu, naomba unisamehe. Niambie wewe. Unataka nifanyeje?"

Akaniambia.

Niliona barakoa imejaa ukungu kwa ndani, na kila pumzi ukungu unaongezeka, unaificha midomo yake. Niliona koo lake linacheza. Hakusema neno moja tu. Alisema maneno mengi, akapumzika, akavuta hewa, akaendelea, na muda wote macho yake yalikuwa kwenye yangu. Hakuwa na mikono ya kuniambia kwa mikono. Mdomo wake sikuuona. Sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba, na sauti nyembamba mimi hazinifikii.

Shemeji akajiziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kumtetemeka. Askari aliacha kuandika, akanitazama mimi kwa muda, kisha akaandika tena, haraka haraka.

Nilitaka kusema, rudia. Ni neno dogo tu. Lakini mtu mwenye masikio kuliko wote kiwandani haombi kurudiwa, tena mbele ya askari aliyeshika daftari. Nikilisema tu, nimeshasema yote, na mkono wa Pacha nimeukata mara ya pili. Nikamtazama shemeji usoni nipate hata dalili. Alikuwa ametazama sakafu.

Pacha akafumba macho. Muuguzi akaja, akatupungia mkono tutoke, mgonjwa apumzike.

Kwenye korido askari aliegemea ukuta, akalaza kiganja juu ya alichoandika.

"Umemsikia mwenzako?" akaniuliza, kwa ile sauti yake nzito ambayo haikunipita hata herufi.

Nyuma yake mlango wa wodi ulikuwa unafungwa.

"Nimemsikia," nikasema.

Akafungua ukurasa mpya, akanipa kalamu.

"Basi andika hapa. Hayo aliyoyasema ni kweli, au si kweli?"